Mifereji ya Hedley

Jumanne, ukumbi wa kijiji, bonde la Weardale.
Kazi yangu ni birika na vikombe;
elimu naidokoa kwa kisogo, mikono ikiwa povuni.

Mwalimu, binti wa kina Peart, umri wa mjukuu,
anamimina jagi la maji juu ya masinia mawili:
moja udongo uliochanwa mifereji, mkavu,
moja udongo mweusi wa kinamasi, na majani yake.
La kwanza linatapika papo hapo, hadi kwenye viatu.
La pili linakunywa. Linakunywa. Kama linafikiri.

Wafugaji wa kondoo kimya.
Kila mmoja anaiona ile Februari jikoni kwake,
friji ikielea kama bata.

Hedley Emmerson, sabini na mmoja, ananyanyua mkono nusu:
"Mifereji ya kule juu niliichimba mimi.
Serikali ililipa kwa kila yadi. Nilinunua pikipiki."
Hakuna anayecheka. Mwalimu anafuta meza.

Jumamosi nikawapandishia chai mlimani.
Nilimkuta ndani ya mtaro, matope magotini,
akipigilia mbao, akishindilia kwa koleo lilelile,
mpini umebadilishwa mara mbili.
Kwetu kuna methali ya ufa na ukuta.
Sikumwambia. Alikuwa akihesabu kwa sauti:
thelathini na nane.

Nyuma ya ubao maji yakaanza kusimama,
membamba, rangi ya chai yangu,
naye akayatazama
kama mtu aliyeleta deni la jirani,
amebisha hodi,
na hajui bado kama jirani yumo.