Nani Kasema Simama

Juu ya duka la Shekuwe, Mwembe Tayari,
chumba cha feni moja yenye kikohozi,
nimeandika programu isiyomfaa mtu:
nyuzi saba, kila uzi unahesabu,
na hakuna anayengoja jumla.

Kazi yangu ni kuzisimamisha.
Wala siijaribu programu; ninajaribu kidadisi,
kile kinachoingia ndani yake kusaka kasoro,
kikashika mshipa, kikasema: tulia nikuone.

Ishara ya kwanza ikatoka.
Nyuzi sita zikaganda.
Wa saba ukafika mia nne na kumi
kabla habari haijaufikia.
Nikaandika daftarini: saa nne na robo, umeponyoka.
Nikarudia. Mara hamsini, salama.
Ya hamsini na moja, umeponyoka tena.
Kasoro hii ina tabia ya mdeni:
ukibisha hodi, hayupo;
ukipita njia, huyo anakunywa chai.

Chini, cherehani nne zilikuwa zikinguruma.
Mara, kimya.
Nikachungulia. Jeneza lapita kwenda Manyimbo,
vijana wanapokezana bega,
na mafundi wameinua nyayo juu ya kanyagio,
sindano zimekwama katikati ya kanzu.

Ndipo Shekuwe akatoka stoo, hana habari ya barabarani:
"Hebu simameni, nitazame pindo hili!"
Wamesimama kitambo.
Akalitazama. Akalipima kwa shibiri. Akaguna.
"Haya, endeleeni."

Hakuna aliyekanyaga.
Mwanaidi wa mashine ya pembeni
akamwonyesha njia kwa kidevu, basi.
Shekuwe akameza mate.
Simama yake ilikuwa yake, aliweza kuifuta.
Ile nyingine hakuitoa yeye.

Nikarudi kitini, nikafuta jaribio zima.

Sasa ninazilaza nyuzi kwa mkono wangu kwanza.
Kisha ninakiita kidadisi.
Nacho kina simama yake, hakiwezi kutazama bila hiyo:
kizigonge zilizokwisha kulala,
kizihesabu, kisome kilichomo vifuani mwao,
halafu kiage.
Ninachouliza ni kimoja tu:
kikitoka, kitauacha mlango kama kilivyoukuta?
Au kitajisahau, kidhani kila usingizi ni wa kwake,
kitangaze endeleeni
na maiti bado yuko barabarani?

Mara ya kwanza, sita zililala.
Uzi wa tatu ukaamka, ukasema: moja.
Mbili.
Nikautazama unavyohesabu peke yake
kama mtu anayecheka matangani.
Nikaandika saa, nikaandika namba ya uzi,
nikapigia mstari mara mbili.

Chini, cherehani ikaanza. Ya pili. Ya tatu.
Ya Mwanaidi ilichelewa sana.
Hiyo sikuiandika kuwa kasoro.