Kona ya Tatu, Mkongeni

Tiketi elfu thelathini. Mama akauliza,
kwani tunalinunua gari, au tunalitazama?
Tukaingia kwa lango la upande wa Bunju, saa nne,
jua limeshakaa kwenye paji la uso.
Kijana wa fulana ya njano akatugawia vizibo vya masikio.
Mama akavifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na chenji.

Kipaza sauti kilikuwa kinasimulia historia:
mwaka fulani, bwana fulani, mwenye shamba, mpenda magari,
alijenga.
Kitenzi kimoja, na hadithi imekwisha.
Alijenga, kana kwamba lami ilimtoka mfukoni kama leso.
Mama aliguna.
Mguno wa Mwamvita binti Sefu una sura na aya;
nimeusoma tangu utotoni.

Baba aliletwa kwa lori kutoka Newala,
akawa nambari mia nne na kumi na mbili.
Alikata mkonge mpaka miiba ikamjua jina.
Kisha wakampa koleo: wewe Chinguile na wenzio,
fuateni reli ya toroli, izungusheni barabara,
bwana anataka kukimbia pasipo kwenda popote.
Hilo lilimchekesha baba hadi kufa kwake.
Mtu ana gari, ana petroli, ana dunia nzima,
naye anarudi alipoanzia,
tena mbio!

Wageni wakaja, wakashindana, wakapigwa picha.
Halafu shamba likawa la umma, na mbio zikawa za umma,
halafu petroli ikaadimika.
Jumapili ikigonga saa nane, gari marufuku barabarani,
na mashindano bila Jumapili
ni harusi bila bwana harusi.
Mimi nilizaliwa lami ikiwa kimya.
Mama alianika makopa kwenye mstari wa kuanzia,
pale penye miraba myeusi na myeupe;
weusi wa serikali, weupe wa mihogo yetu.
Kuku ndio waliokuwa wa kwanza kumaliza.
Hapo niling'oka jino kwa baiskeli ya kuazima.
Hapo shule ya udereva ilileta pikapu isiyo na gia ya tatu.

Leo, bendera za nchi kumi na moja.
Injini zikawaka, kifua changu kikawa nyumba ya kupanga:
kila sauti iliingia na mizigo yake.
Magari sikuyaona, nakiri. Niliona rangi,
kisha moshi wa mpira,
kisha shingo za watu zikigeuka pamoja kama mtama.

Mzunguko wa kumi na tisa, gari la bluu liliongoza
kwa upana wa baraza.
Likafika kona ya tatu.
Likaruka kidogo, kidogo tu,
kama mtu aliyekanyaga mbegu ya ubuyu gizani,
likatupa mkia, likaenda kulala mchangani.

Kipaza sauti kikalalamika: kuna kinundu pale,
wahandisi wamekisawazisha mara mbili,
kinarudi, na sababu haijulikani.

"Mimi naijua," mama akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi.
Ni taruma la reli, la chuma.
Nyapara aliwapunja ujira wa siku mbili,
nao wakaliacha chini, wakamwaga lami juu,
wakashindilia huku wanaimba.
Siku mbili za watu kumi na sita
zimelala pale, hazijalipwa,
zinajigeuza usingizini.

Dereva alitoka mzima. Akavua kofia ngumu, kijana tu,
nywele zimelowa, akaitazama lami
kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe.
Mama akampungia mkono kutoka mbali.
"Pole, mwanangu. Hukuwa wewe uliyekusudiwa."

Aliyeshinda simkumbuki.
Getini mama alifungua pindo atafute nauli ya bajaji,
vizibo vikadondoka, vipya, havijaguswa.
Nikamwuliza mbona hakuvitumia.
"Nije kote huku," akasema, "kwa elfu thelathini,
halafu nisisikie linavyogonga?"