Pengwini, Kiborloni

Tulisubiri mpira. Rimoti haikuonekana,
wakaja ndege wenye suti, wanatembea kama wazee wa kanisa
siku ya mavuno. Tukacheka.
Mchoma nyama akauliza kama mapaja yao yana kitu.

Kisha dume akabaki na yai juu ya nyayo,
upepo unamchapa, miezi miwili hajala.
"Baba huyo, jamani,"
akasema Ndeonasia akikusanya chupa, bila kumtazama mtu.
Anaeli akaagiza nyingine, akaiacha imefungwa.

Elirehema hakusema.
Miaka kumi na tisa amepandisha mizigo ya wageni Kibo,
vidole viwili vya mguu vilibaki huko.
Mpira ulipoanza nilimwona, chini ya meza,
amebananisha miguu
kama anayezuia kitu kisiguse sakafu.