Mzizi Usio na Mti

Saa nane usiku, Mlimani, umeme umekatika
na mtambo wa kutikisa chupa umenyamaza
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Chupa arobaini. Ndani yake mizizi ya mjafari,
meupe, membamba, imesokotana
kama tambi zilizoachwa majini.

Haina jani. Haina shina.
Haina kivuli cha kumpa mtu.
Tuliuchanja mche mmoja kwa kisu kilichopita motoni,
tukaupaka bakteria wa udongoni
mwenye tabia za mgeni mkorofi:
huingilia jerahani, huacha waraka wake ndani ya nyumba,
na tangu siku hiyo wenyeji huutii.
Jeraha likaota mizizi, mizizi, mizizi tu,
inakunywa maji ya sukari gizani
wala haijui Pugu.

Siwazuri anaijua Pugu.
Miaka ishirini na sita anauza dawa Tandika,
jirani na mafundi viatu,
magome yake kafunga kwa kamba za katani.
Mche ule aliuleta yeye, ndani ya kopo la rangi.
"Zamani nachimba asubuhi, adhuhuri niko sokoni.
Siku hizi natembea
mpaka kandambili zinanionea huruma.
Ukikata mzizi mkuu, umeua.
Mimi najua nimeua mingapi.
Sikutajii."

Jana jioni alikuja kuujulia hali mche wake,
mvua ikamfungia huku, Kigogo maji yamemeza barabara.
Nikamwonyesha chupa. Hakucheka.
Aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Na mti wenyewe?"
"Hakuna, mama. Ni mzizi peke yake."
"Mzizi peke yake unamshikilia nani?"

Dokta Lyaruu angekuwepo angechora kitu ubaoni.
Mimi nilimwonyesha tu ile njano,
ule uchungu anaoujua kwa ncha ya ulimi,
unavyojitengeneza humo taratibu, bila jembe,
bila mlima, bila mtu kurudi nyumbani na mgongo.
Akagonga kioo kwa ukucha.
"Basi na mimi mmenitia humu."

Hapo ndipo taa zilipozima.

Mizizi isipotikiswa hukosa pumzi;
ikifika alfajiri itakuwa rangi ya chai, inanuka.
Jenereta ipo. Dizeli iko kwenye barua,
barua iko mezani kwa mtu, mtu yuko likizo.
Nikawasha tochi ya simu, nikashika chupa mbili.
Siwazuri akajifunga upya kanga kiunoni,
akachukua mbili, akazizungusha
kwa mkono wa kupepeta mchele:
duara, duara, tone lisiguse kizibo.

"Hivi?"
"Hivyo hivyo."

Hatukuongea sana. Chupa mbili, weka, mbili nyingine.
Mara moja alisema, si kwangu, kwa chupa:
"Wewe mbona mwepesi hivi?"
Saa kumi na moja umeme ukarudi,
mtambo ukakohoa, ukaanza kucheza.
Yeye akaendelea kuzungusha za kwake,
kama hauamini.

Kisha akaketi juu ya ndoo, akavua viatu.
"Na posho ya usiku, nani anaandika?"

Nikafungua daftari la maabara.
Tarehe. Joto. Idadi ya chupa.
Jina lake nimeliandika kwenye safu ya mitambo;
safu nyingine haikuwepo.