Kichwa cha Hewa ya Hapa

Silinda ya Muthengi imelala mezani, mdomo wazi,
juu ya gazeti la Jumapili lililolowa petroli.
Nimeiosha mara mbili. Bado inanuka moshi
wa miaka ya kubeba mitungi ya gesi, Umoja hadi Dandora.
"Nataka ikimbie," alisema.
Hakusema ikimbilie wapi.

Nakata karatasi ya boksi, naikunja ndani,
nachora kwa penseli kila tundu la ukuta:
hapa mafuta na hewa huingia, hapa moshi hutokea.
Injini hii haina vali, haina bawabu.
Pistoni ndiyo hufungua, pistoni ndiyo hufunga,
na kinachotoka hupishana na kinachoingia
kama majirani kwenye ngazi nyembamba, bila salamu.

Tundu la moshi nalipandisha milimita moja.
Moja tu. Tupa ya duara, tochi mdomoni.
Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hukauka;
chuma kikiondoka huacha pengo linalokutazama.
Mwaka jana nilisema "kidogo tena" kwa silinda ya mtu,
nikamlipa silinda.

Makali nayaua kwa msasa, polepole,
ringi isije ikanasa ukingoni ikavunjika.
Vumbi la chuma limejichora kwenye mistari ya kiganja;
mama mboga hunirudishia chenji kwa ncha za vidole.

Kisha kichwa. Kioo cha dirisha, msasa, mafuta kidogo,
nachora nane, nane, nane,
mpaka kivuli cha gasketi ya zamani kifutike.
Natia waya wa lehemu kupitia tundu la plagi,
nazungusha kwa mkono, nautoa umebanwa bapa:
milimita moja na robo. Nakwangua tena.
Huku Kariobangi hewa ni nyepesi, injini huhema
kama mimi wiki ile nilipotoka Malindi.
Nabana nafasi, cheche ipate kitu cha kutafuna.

Alipokuja nilimkazia macho:
kichwa hiki nimekikata kwa hewa ya hapa.
Ngong, nenda. Limuru, nenda.
Ukiteremka kupita Mtito, hewa itakuwa nzito,
itagonga, tak tak tak,
kama mtu aliyefungiwa stoo. Ukisikia hivyo, zima.
Alicheka. Akapiga kiki moja tu,
wachomeleaji wa ng'ambo wakainua barakoa.

Imerudi Jumanne, juu ya lori la vitunguu.
Pistoni ina tundu katikati, la duara,
nimeliweka jichoni nikamwona Muthengi upande wa pili
akitazama viatu vyake.
"Iliishia Mariakani," alisema.
"Kadzo, hata bahari sikuiona."

Sikumgombeza. Nilikuwa na maneno, yakakosa njia.
Asubuhi ile mama alikuwa amepiga simu: utashuka lini?
Nikamjibu Desemba.
Hii ni Desemba ya sita.

Nimepapasa rafu ya juu, nyuma ya makopo ya grisi.
Safari hii naweka gasketi mbili.