Kidole Chenye Mate

Kalunde Msonde alikuwa mpima asali ghala la ushirika,
na sanduku lake la posta, namba mia mbili na saba,
lilikuwa linanata.
Nililijua kwa vidole kabla ya macho.
Miaka kumi na tisa nimegonga mihuri hapa Tabora,
zimepita barua za mahari, za madeni, za mirathi,
lakini ni yeye tu aliyepokea Wazungu wa karatasi,
na Wajapani wawili,
wameketi kando ya piano nyeusi kama sufuria ya msiba.

Piano hakuwa nayo. Mji mzima niliijua moja, ya misheni:
mchwa waliila kuanzia miguuni
wakabakiza meno.
Alikuwa na redio ya betri. Usiku,
treni ya Mpanda ikishaondoka na mbwa wakichoka,
alikuwa akiinasa idhaa ya mbali.
"Inakuja, inazama," aliniambia, "kama nyuki ndani ya gogo.
Unatega sikio. Unajua tu kuna kitu kinatengenezwa humo."

Akawa anawaandikia. Karatasi za ushirika,
nembo ya mzinga juu kushoto,
Kiingereza cha darasa la saba,
nami nikisukuma pale kilipokwama:
*Naomba picha yako,
na sahihi kwa wino, siyo kwa mtambo.*

Zikifika hasubiri nyumbani.
Papo hapo kaunta, mbele ya foleni ya pensheni,
analamba kidole, anagusa mkia wa jina.
Wino ukitawanyika, anacheka.
Usipotawanyika, ni mashine; anairudisha ndani ya bahasha
bila kinyongo, kama aliyepewa chenji pungufu
na jirani.
Ndiyo maana kwenye albamu yake
zile za kweli ndizo zilizoharibika.
Irena Wolska ana mkia wa kimondo.
Tiedke, yule wa Hamburg, jina limeishia kwenye wingu.

Siku moja nikamwuliza: unajuaje kwamba hawa ni hodari?
"Nitajuaje? Wote wamekatwa mikono."
Nikatazama. Kweli.
Nyuso, tai, mabega, shanga shingoni,
na pale penye kazi, ukingo wa picha.
Tangu hapo barua zikaongezwa mstari mmoja:
*tafadhali, na mikono.*

Wengi walinyamaza. Mmoja alituma picha ileile.
Kisha, msimu wa masoko ya tumbaku,
bahasha kutoka Romania, nyepesi mno.
Hakuna picha. Karatasi tupu
iliyozungushiwa penseli mkono wa kulia,
gumba limepinda, kidole cha nne
kimechorwa mara mbili, sijui alitetemeka
au alijisahihisha,
na katikati ya kiganja, jina.

Hakulamba kidole.
Alifuta asali kwenye khanga, mbele na nyuma,
akalaza mkono wake juu ya ule.
Wa kwake ulizidi, pande zote.
Foleni ikatulia, hadi mtu mmoja nyuma akasema,
dada, wenzio tuna shida.

Ghala lilipofungwa alihamia Sikonge kwa mdogo wake.
Ada ya sanduku, miaka miwili haijalipwa;
nililifunga mimi mwenyewe,
na kufuli bado linanata.

Jana imekuja moja.
Kanuni naijua: mhuri mwekundu, RUDISHA KWA MTUMAJI.
Nimeupiga kwenye gazeti mara tatu, kuujaribu.
Unapiga vizuri.

Basi la Sikonge linaondoka saa nane.
Bahasha iko mfuko wa shati, ngumu katikati, laini pembeni,
na kidole changu cha shahada,
sikumbuki nimekilamba saa ngapi,
kimelowa.