Chesisi ya Sabini na Nne

Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga,
fundi Masanilo kalaza chesisi mbili ubavu kwa ubavu
kama maiti na mgonjwa waliokosewa wodi,
akanipa ncha ya futi kamba. Shika hapo, usipumue.

Ya baba ni ya sitini na nane, ndivyo kadi isemavyo.
Imeliwa. Ukiigonga nyundo haiitikii,
inamwaga unga mwekundu,
vumbi la Sikonge lililopanda bila nauli
likaamua kuhamia.
Bodi yake nzima. Alumini haijui kutu,
inajua mibonyeo tu, na mibonyeo yote naijua:
huu wa pipa la asali, Ipole,
huu wa fahali wa mzee Kashindye,
huu wangu, nilipokuwa na miaka tisa
nikaachia breki ya mkono nione itakuwaje.

Hii nyingine nimeitoa Urambo,
ua wa nyuma wa chama cha tumbaku.
Bado inanuka jani la moshi.
Kuku alikuwa ametaga penye kikombe cha springi;
nililipa laki nane, mayai nikamwachia.

"Kipya kinyemi," anasema Masanilo,
"hata kikiwa na miaka hamsini."
Kisha anapima tena, anaguna.
Mashimo ya kebini sita: manne yamekubali,
mawili yamekataa kwa upana wa kidole.
Kishikio cha giaboksi kimesogea mbele.
Tangi litataka mkono mpya wa kulibeba.
Hawa ni mtu na mdogo wake, lakini
mdogo hakumuuliza mkubwa
anapenda kukaaje.
Grenda inalia. Cheche zinamfukuza mbuzi wa jirani.

Siku ya tatu akaniita: njoo na kadi.
Alikuwa amepiga magoti kwenye chesisi ya baba,
mbele, kulia, anasugua kwa msasa,
namba inatoka moja moja
kama mtu anayekumbuka jina la mtu.
Mimi nikasoma karatasi. Yeye akasoma chuma.
Tukarudia, polepole, kama watoto wa darasa la kwanza.
Tulikuwa tunasoma magari mawili.

Ndipo tukaviona vigingi.
Mashimo matano yasiyo na kazi
(yalitobolewa kwa ajili ya gari jingine, mwaka mwingine)
na kila moja limezibwa kwa mninga
uliochongwa kwa kisu, ukapakwa nta.
Nta ya nyuki.
Masanilo akanusa, akanitazama.
"Huyu hakuwa fundi wa mjini."

Baba, aliyekuwa akipiga boneti mbele ya wageni:
hili sijalifungua hata nati moja!

Nikampigia mama, Kaliua.
Simu ikakaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.
"Ah," akasema. "Mwaka ule wa mvua.
Lilivunjika mgongo kule Ugalla.
Alilala karakana wiki tatu, anafungua, anafunga.
Akaniambia, watoto wasijue,
watadhani si lile."

Wiki tatu. Nazikumbuka.
Alirudi na peremende na kucha nyeusi,
akasema alikuwa msibani.

Jioni mashine ya mpunga imezimwa.
Keshokutwa nitampelekea mkaguzi barua
yenye namba tatu na maelezo marefu;
atavua miwani, ataivaa, ataniambia nirudi Jumatatu.
Sasa hivi Masanilo anagonga vigingi kwa upande wa pili,
taratibu, kwa mpini wa nyundo.
Vinatoka. Vyote vitano, vikavu, vizima.
Kwenye sabini na nne kuna mashimo saba ya bure.

"Mninga unao?"
Nyumbani kuna kiti cha baba, mguu umelegea.
"Unao."
"Basi kachonge. Nta nitaitafuta mimi."